Chakula cha mchana shuleni: jiko letu, mpishi wa kukodi au jikoni kuu? Ulinganisho kwa wazazi wa Mombasa

Kila mwanzo wa muhula, kamati za wazazi kule Kisauni, Likoni, Jomvu na Changamwe hukalia madawati ya watoto wao kujadili jambo moja: watoto watakula nini saa saba mchana, na nani atalipa. Kikao huanza na bei ya sahani na mara nyingi huishia hapo hapo. Anayetaja shilingi chache kuliko wenzake ndiye anayepewa kazi. Nimekaa kwenye vikao hivyo kama mzazi na kama mwanakamati, na naomba tuanze na swali jingine: siku pesa zikichelewa, ni nani atakayekosa kula? Kila mpango wa chakula una jibu lake kwa swali hilo, na jibu hilo ndilo linaloonyesha tofauti ya mpango mmoja na mwingine kuliko bei.

Kwanza, pesa yenyewe

Serikali hutoa shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mtoto wa shule ya msingi ya umma. Elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2003, kiasi kilikuwa 1,020. Gawanya hiyo 1,420 kwa siku za masomo, ambazo hazifiki 200 kwa mwaka, utapata shilingi saba na ushei kwa siku. Hiyo saba ndiyo inunue chaki, ilipe bili ya maji na umeme, itengeneze mlango uliong'oka na kumlipa askari wa lango. Fungu la chakula halimo. Na pesa hizo haziji kwa mkupuo. Hugawanywa kwa mihula mitatu, na mara nyingi hufika wakati mwalimu mkuu ameshakopa dukani.

Siku hizi jambo limeongezeka utata, kwa sababu ndani ya ua mmoja mna shule tatu. Chekechea iko chini ya kaunti, kama Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linavyosema. Gredi ya kwanza hadi ya sita inategemea hiyo 1,420. Gredi ya saba hadi ya tisa, ambazo ni sekondari ya msingi, zina fungu lao la shilingi 15,042 kwa mwanafunzi. Mifuko mitatu, lakini kengele ya chakula ni moja, na mtoto wa miaka kumi na minne anakula mara mbili ya yule wa miaka sita. Mzazi akienda kuuliza kwa nini kaunti haimlishi mwanawe wa gredi ya tano, huambiwa kwamba elimu ya msingi ni kazi ya serikali kuu, na huo ni ukweli. Kaunti ikitaka kulisha gredi hizo lazima pawe na makubaliano kati ya serikali hizo mbili. Kwa hiyo anayepeleka barua kwa kaunti aanze na watoto wa chekechea. Hapo ana haki ya kudai, wala haombi hisani.

Mpango wa taifa wa chakula shuleni upo. Ulianza 1980 kwa ushirikiano na Shirika la Chakula Duniani, mwaka 2009 ukaja mpango wa kununua chakula kwa wakulima wa humu nchini, na 2018 serikali ikachukua mzigo wote. Lakini ulikusudiwa hasa maeneo kame na nusu kame. Shule ya mjini Mombasa isipange bajeti kwa kuutegemea mpaka ione magunia yakishushwa langoni. Waliosoma miaka ya 80 wanayakumbuka maziwa ya Nyayo: yalikuja, tukayanywa, kisha yakakatika. Wala tusitarajie kwamba serikali itaongeza kiasi cha kila mtoto hivi karibuni. Mwaka 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaeleza wabunge kwamba Hazina haiwezi hata kutoa kikamilifu ile shilingi 22,244 ya mwanafunzi wa sekondari ya kutwa.

Unabaki mfuko wa mzazi. Na hapo sheria ina neno. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinasema shule ya umma haitozi karo ya masomo. Michango mingine inaweza kutozwa kwa idhini ya Waziri baada ya kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, lakini hakuna mtoto atakayefukuzwa shuleni kwa kushindwa kuilipa, na hakuna mtu atakayekusanya mchango bila kutoa stakabadhi rasmi. Naomba kila mzazi ayashike hayo mawili ya mwisho. Pesa ya chakula inayokusanywa na mwalimu wa darasa kwenye daftari la mistari, bila risiti, haina mwenyewe. Ikipotea hakuna wa kuulizwa.

Jiko la shule yenyewe

Hapa shule inanunua nafaka, inaajiri wapishi na kupika uani. Ndio mpango ninaoupenda zaidi, na ndio mgumu zaidi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Tuchukue shule ya watoto 600. Kipimo kinachotumika kwenye mpango wa serikali ni gramu 150 za nafaka kwa mtoto kwa siku, gramu 40 za maharagwe au jamii yake, na gramu 5 za mafuta. Piga hesabu: mahindi kilo 90, yaani gunia moja kamili kila siku. Maharagwe kilo 24. Mafuta kilo tatu, kwa hiyo mtungi wa lita 20 unakwisha kila baada ya siku sita hivi. Muhula wenye siku 60 za masomo unakula magunia 60 ya mahindi na 16 ya maharagwe. Hesabu hii ina faida moja kubwa: haidanganyiki. Mzazi yeyote anaweza kuingia stoo Ijumaa, akahesabu magunia, akalinganisha na daftari la mahudhurio. Kama wiki imekula magunia saba na watoto hawakuzidi 600, kuna maswali.

Jiko la shule pia linakupa uhuru wa kuchagua chakula. Pure ya mahindi na maharagwe Jumatatu, wali na pojo Jumatano, sima na mchicha au kunde siku nyingine. Kongowea iko karibu kwa shule za Nyali na Kisauni, na anayekwenda sokoni mapema na kununua kwa jumla hulipa nafuu kuliko mpishi atakayeongeza faida yake juu ya kila sahani. Wapishi hutoka mtaani. Kina mama wale wanawajua watoto kwa majina, wanajua ni nani hakula jana usiku, na hilo halinunuliki.

Sasa shida zake. Ya kwanza ni maji. Mji huu hunywa maji yanayotoka nje yake, kutoka Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, na mgao tunaujua sote. Shule yenye mfereji unaotoa siku mbili kwa wiki haiwezi kupikia watoto 600 bila tangi kubwa au bila kununua kwa mikokoteni, na maji ya mkokoteni yakiingia kwenye hesabu, bei ya sahani inabadilika kabisa. Kuna wanaosema tutumie kisima. Visima vyetu vingi vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na maji yenye chokaa nyingi huyafanya maharagwe yakatae kuiva. Utaloweka usiku kucha, utapika tangu alfajiri, na saa saba bado punje zinagonga meno, huku kuni zimeongezeka maradufu. Kabla ya kupiga kura ya kujenga jiko, chukueni kilo moja ya maharagwe mkaipike kwa maji yale yale ya shule. Jaribio hilo moja litawaambia mengi kuliko kikao kizima.

Ya pili ni stoo. Unyevu wa pwani ni adui wa mahindi. Mahindi salama hayapaswi kuzidi asilimia 13.5 ya unyevu. Yakizidi huota kuvu, na kuvu huleta sumukuvu ambayo haiondoki kwa kuchemshwa. Mwaka 2004 watu 125 walikufa kwa sumukuvu, wengi wao Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa vibaya. Kwa hiyo yule anayeshauri tununue ya muhula mzima wakati bei iko chini ana hoja ya pesa, lakini Mombasa si Kitale. Mimi husema tununue ya wiki mbili au tatu, basi. Magunia yapandishwe juu ya mbao, yasiguse sakafu wala ukuta, na anayepokea asitie sahihi kabla ya kuzamisha mkono mpaka katikati ya gunia. Joto lisilo la kawaida humo ndani, unga unaobaki kwenye vidole, harufu ya ubichi: gunia lirudi kwenye gari lililolileta. Fukusi wanaonekana kwa macho na wengi huwaogopa wao, lakini kuvu ndiyo ya kuogopwa.

Ya tatu ni watu. Jiko linahitaji mtu wa kununua, mtu wa kutunza stoo na mtu wa kushika pesa, na hao wasiwe mtu mmoja. Nimeona jiko likifa kwa sababu mwalimu mmoja alibebeshwa yote matatu. Alikuwa mwaminifu, lakini alichoka, na alipohamishwa hakuna aliyejua hata duka lililokuwa likidai. Kuni nazo ni mjadala wake. Jiko lililojengewa udongo na matofali likaziba moto hupunguza kuni sana ukilinganisha na mafiga matatu, na wapishi hawakohoi. Gesi ni safi zaidi lakini inadai pesa taslimu siku mtungi unapokwisha, na ndiyo siku hiyo hiyo ambayo karani hana kitu.

Jengo la jiko na tangi ni mambo ya kupeleka kwa kamati ya NG-CDF, ule mfuko wa serikali wa maendeleo ya eneo bunge, maana majengo ya shule ni kazi yao. Chakula chenyewe msikiombe huko.

Mpishi wa kukodi

Huyu hupika kwake, au hutumia jiko lenu, na mnamlipa kwa sahani. Uzuri wake ni kwamba mnaweza kuanza Jumatatu ijayo. Hamjengi, hamuajiri, hamna stoo. Kwa shule ndogo ya watoto mia moja na kitu, hasa Mji wa Kale au Majengo ambako hata nafasi ya kuweka mafiga hakuna, huenda hakuna njia nyingine.

Lakini simameni siku moja pale chakula kinapogawiwa. Masufuria yanashuka kwenye tuktuk saa sita na nusu. Yanafunguliwa, mvuke unatoka, na watoto wanapanga foleni, wadogo mbele. Maharagwe huzama chini. Kama anayepakua hakorogi kila mara, darasa la kwanza linapata mchuzi wa rangi ya maharagwe na darasa la mwisho linapata maharagwe makavu, au sufuria inaisha kabla hawajafika. Mkataba unasema sahani, hausemi gramu. Ndipo mpishi anapopata faida yake, na simlaumu sana, kwa sababu bei tuliyomlazimisha akubali haimwachii pahali pengine pa kuipata.

Kwa hiyo andikeni uzito. Andikeni kikombe cha kupakulia ni cha ujazo gani, na kikombe hicho kikae ofisini kwa mwalimu mkuu. Andikeni saa ya kufika. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kiwekwe juu ya nyuzi 60 za joto mpaka kiliwe, na kisikae katika joto la kawaida kwa zaidi ya saa mbili. Chakula kilichopikwa Mtopanga saa tatu asubuhi na kuliwa saa saba katika joto letu la Februari kimeshavuka mpaka huo, isipokuwa vyombo vinavyokibeba vinahifadhi moto kikweli. Kila anayegusa chakula awe na cheti cha afya cha wahudumu wa chakula, ambacho hufanywa upya kila baada ya miezi sita. Ombeni nakala, someni tarehe. Na bakuli moja lichukuliwe kila siku, lifunikwe, liwekwe kwenye friji mpaka kesho yake. Watoto wakiugua matumbo, bakuli hilo ndilo litakalowaambia maafisa wa afya pa kuanzia.

Katika vikao vyetu mpishi wa kukodi ndiye anayeshinda mara nyingi, kwa sababu bei yake imeandikwa kwenye karatasi moja na ya jiko la shule imetawanyika kwenye karatasi kumi. Linganisheni sawa kwa sawa. Jumlisheni maji, kuni, mishahara na chumvi kwenye lile jiko, halafu gawanyeni kwa sahani. Vilevile, upande wa mpishi, pimeni sahani yake kwa mizani kabla ya kulinganisha bei. Sahani ya shilingi 40 yenye gramu 120 za nafaka ni ghali kuliko ya 45 yenye 150.

Jikoni kuu

Njia ya tatu ni jiko kubwa linalopikia shule nyingi kwa pamoja na kusambaza kwa magari. Nchini, jina linalojulikana ni Food4Education, iliyoanzishwa na Wawira Njiru mwaka 2012 huko Ruiru, na huduma yake imefika Mombasa pia. Nairobi ndiyo iliyoupa mpango huu sura kubwa: tangu 2023, chini ya Dishi na County, mtoto hulipa shilingi 5 na zilizobaki hubebwa na kaunti na shirika. Mzazi huweka pesa kwa simu, mtoto huvaa bangili yenye chipu mkononi, anaigusisha kwenye kifaa, anapewa sahani.

Nasema wazi kwamba kwa shule iliyo kwenye njia ya magari yao, hakuna jiko la shule litakaloshindana na bei hiyo. Ununuzi wa pamoja, majiko makubwa, wataalamu wa lishe, vyombo vinavyohifadhi joto, yote yamegawanywa kwa maelfu ya sahani. Tena pesa haipiti mkononi mwa mtu, na kila sahani imeandikwa. Ubishi wa kila Ijumaa kuhusu nani alilipa na nani hakulipa unakwisha.

Lakini fahamuni mnachokubali. Bei ya chini si bei ya chakula. Ni bei baada ya mtu mwingine kulipa sehemu yake. Siku huyo mwingine akipunguza, iwe ni kaunti iliyobanwa na bajeti au mfadhili aliyebadili mkondo, bei inapanda na nyinyi hamna kiti kwenye meza inayoamua. Mkishavunja jiko lenu na kuwaruhusu wapishi waende, kurudi nyuma ni kazi. Kwa sababu hiyo shule inayojiunga na jikoni kuu isiuze masufuria yake.

Na kuna kivuko. Shule ya Mtongwe au Shika Adabu inayosubiri gari kutoka kisiwani huenda ikasubiri pia foleni ya feri. Mkiwa ng'ambo ya Likoni, swali la kwanza kwa yeyote anayetaka kuwapikia ni hili: jiko lako liko upande gani wa maji?

Nyumbani na langoni

Wapo wanaosema tuache mambo kama yalivyo: mtoto arudi nyumbani kula, au aje na chombo chake, au apewe ishirini anunue viazi karai na bhajia langoni. Kwa mtoto anayeishi jirani na mama yake yuko nyumbani, kurudi kula ni bora kuliko yote. Lakini watoto wengi wakifika nyumbani mchana hukuta mlango umefungwa, mama yuko kazini, na baadhi hawarudi kwa vipindi vya alasiri. Mahamri na viazi vya langoni hujaza tumbo kwa saa moja. Na chombo kutoka nyumbani huonyesha darasa zima nani anakula nini, na nani amekifungua kitupu. Mpango huu haugharimu shule chochote, ndiyo maana unadumu.

Siku pesa zikichelewa

Turudi kwa lile swali. Chukueni ile shule ya 600, sahani moja ni shilingi 40, na siku hiyo watoto 400 tu ndio waliolipa. Mahitaji ni shilingi 24,000, zilizopatikana ni 16,000. Pengo ni 8,000 kwa siku moja.

Jiko la shule hujibu kwa kuongeza maji. Wote 600 wanakula, lakini wanakula theluthi mbili ya kipimo. Likiendelea hivyo kwa wiki tatu, mwenye duka anakata mkopo na jiko linafungwa kwa wote. Mpishi wa kukodi hujibu kwa kuhesabu vichwa: analeta sahani 400, na 200 wanasimama pembeni wakitazama wenzao. Jikoni kuu hujibu kupitia bangili: isiyo na salio haifungui sahani, isipokuwa shule imeweka pesa kando kwa ajili hiyo. Na mpango wa nyumbani haujibu kabisa, kwa sababu hakuna anayehesabu.

Kati ya majibu hayo, mimi nalitetea la kwanza, pamoja na hatari yake, kwa sababu linaliweka pengo mbele ya wote. Mchuzi ukiwa mwepesi, kila mzazi anasikia jioni ile ile kutoka kwa mwanawe, na kamati inaitwa. Mtoto asiyepewa sahani mara nyingi hasemi. Husema ameshiba, au huenda kucheza nyuma ya vyoo mpaka kengele ilie.

Lakini si lazima tusubiri mchuzi uwe mwepesi. Bei ikipangwa 45 badala ya 40, ile tano ya ziada ya watoto wanane inamlisha wa tisa. Hesabu ni hiyo tu. Katika watoto 600 wakilipa wote ila 66, hakuna anayekosa na hakuna deni dukani. Wale wa tisa wasijulikane darasani: orodha ikae kwa mwalimu mkuu na mwanakamati mmoja, na mtoto apewe tiketi au bangili ile ile ya wenzake. Misikiti, makanisa na wafanyabiashara wa mtaa wengi wako tayari kuchangia fungu kama hilo wakionyeshwa daftari safi. Wanachokataa ni kutoa pesa zisizorudi na karatasi. Fungu hili linafaa katika mipango yote mitatu, na ningependa lipigiwe kura kabla ya kuchagua mpishi, kwa sababu baada ya bei kutangazwa hakuna mzazi atakayekubali kuongezewa tano.

Nani achague nini

Shule yenye watoto zaidi ya 400, tangi la maji na kamati inayokutana kweli: jengeni jiko lenu, hata kama jikoni kuu iko karibu na bei yake inavutia. Linachukua mwaka kutulia, lakini likitulia ni lenu. Kama maji hayatoshi, jikoni kuu inawafaa zaidi, na pesa mnazookoa ziwekeni kwenye tangi. Shule ndogo isiyo na uwanja ichukue mpishi wa kukodi kwa mkataba wa muhula mmoja mmoja, wenye uzito na saa ndani yake, na malipo kila baada ya wiki mbili ili asikopeshwe na mama mboga kwa niaba yenu. Shule yenye kamati iliyogawanyika isijenge jiko mwaka huu, hata ikiwa na maji ya kuogelea. Itauza sufuria kabla ya mwaka kwisha.

Jambo la mwisho linahusu kalenda, na wanaoleta mikataba kutoka bara hulisahau. Miaka hii Ramadhani inaangukia muhula wa kwanza. Katika shule nyingi za hapa idadi ya wanaokula mchana hushuka sana kwa mwezi mzima, huku watoto wadogo na wasiofunga wakiendelea kuhitaji sahani zao. Mkataba usipotaja hilo, mtalipia sahani 600 na watakula 200, au mpishi ataacha kuja kabisa kwa kuwa haimlipi. Wekeni kifungu cha kushusha idadi kwa taarifa ya wiki moja, na bei ya sahani kwa idadi hiyo ndogo iandikwe mapema. Ijumaa nayo, mapumziko ya mchana huwa marefu kwa ajili ya sala, kwa hiyo chakula kigawiwe kabla ya watoto kwenda msikitini, si baada ya kurudi kikiwa kimepoa. Na kama mnaanza mpango mpya kabisa, uanzeni muhula wa pili, kwa gredi tatu za chini tu. Watoto wote wapo na hesabu haichezi, na ifikapo Agosti mtakuwa na daftari la kuwaonyesha wazazi wa gredi za juu mnapowaomba wajiunge.